Hapana Iliyosikika Mpaka Rhamu

Abti alipoleta taar nyumbani aliiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo nyumba nyingine za Garissa ziliweka televisheni, kama zilikuwa nayo. Abti ni kaka wa mama yangu. Na mimi pia aliniita abti, kwa sababu kwetu Wasomali mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo, jambo linalowachanganya wageni na kuwapunguzia kazi wavivu. Taar ilikuwa redio ya mawasiliano: boksi la chuma la kijivu, zito kama gunia la sukari, lenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Ilikula umeme wa betri ya gari, na waya wake wa antena ulipita dirishani, ukavuka ua, ukafungwa kwenye mwarobaini wa jirani bila jirani kuulizwa. Hakulalamika. Tangu siku hiyo alijihesabu kuwa mwenye hisa, akawa anakuja kila asubuhi kukagua mali yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Somalia ilikuwa imevunjika, watu wametawanyika, na kila ukoo ulikuwa na mtu wake mahali fulani ambaye haikujulikana kama yu hai. Simu ya waya ilikuwa kitu cha ofisi, na hata ofisini mara nyingi ilikuwa pambo. Barua ilienda na lori, na lori lilienda likitaka. Kwa hiyo taar zilipoanza kuingia madukani, kutoka Mandera na Rhamu mpaka Wajir na kwetu, watu walizipokea kama mvua. Abti alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Alinunua mbuzi na ng'ombe Elwak akawauza Garissa, na alisema anaihitaji mashine ile ili ajue bei kabla lori halijaondoka. Hiyo ilikuwa sababu aliyoitaja. Nyingine, ambayo hakuitaja, ni kwamba alikuwa na sauti nzuri, nene, na hakuwa amewahi kupata pa kuitumia.

Nieleze jinsi taar ilivyofanya kazi, maana wanangu hawaniamini. Mtu akibonyeza kitufe na kusema, wote wenye taar kwenye masafa yale humsikia. Hakuna kumpigia mtu mmoja. Ukimwita mtu wa Elwak, Tarbaj inasikia, Rhamu inasikia, na mwenye duka fulani huko njiani, ambaye humjui na hutamjua, anasikia pia. Ukimaliza maneno yako unasema "ova" na kuachia kitufe, mwenzako ajibu. Na kwa kuwa hujui utaitwa wakati gani, taar haizimwi. Inakaa wazi tangu alfajiri mpaka betri ilegee, ikikoroma na kupiga miluzi, na wenye maduka walikuwa wakiigeuza spika ielekee mlangoni, wateja wanywe chai huku wakisikiliza habari za nyumba za watu.

Waliotaka faragha walikuwa na mbinu yao. Walisema, "Tuhamie chini kidogo," kisha wakataja masafa mapya kwa sauti ya juu, taratibu, mara mbili, ili yule wa upande wa pili asikose. Naye hakukosa. Wala hakukosa mtu mwingine yeyote. Ukikaa sebuleni kwetu ungeweza karibu kuisikia kaskazini nzima ikihama pamoja, klik, klik, klik, kama familia inayofuata malisho, halafu ikitulia kimya kwenye masafa mapya kungoja siri ianze.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa abti kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Wanafunzi walikuwa wamerusha mawe, na mimi, ambaye sikurusha hata moja kwa kuwa sina shabaha, nilirudishwa Garissa pamoja na wenye shabaha. Baba na mama walikuwa Tarbaj, na mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo nilibaki mjini. Nilikuwa nasoma sosholojia na nilikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Abti aliponiuliza naionaje mashine yake, nilimpa mhadhara. Nilimwambia mawasiliano yanafuta umbali. Nikamwambia Rhamu sasa ni chumba cha pili cha nyumba hii. Alifurahi sana, akayarudia maneno hayo kwa wageni kama yake. Sikuwa nimewaza kwamba chumba hicho hakina mlango wala pazia.

Ayeeyo, yaani bibi yangu, aliyewazaa mama na abti, aliuliza swali moja tu. "Wanatuona?"

"Hawatuoni, ayeeyo," nikamjibu. "Wanatusikia tu, na hata hivyo mpaka kitufe kibonyezwe."

"Basi nitakohoa nje," akasema, na kwa wiki kadhaa alitoka uani kila kikohozi kilipomjia.

Mwenye habari hii hasa ni habaryar, yaani mama yangu mdogo, dada mdogo wa mama na abti. Alikuwa anakaribia miaka thelathini. Aliwahi kuolewa, akaachika bila mtoto, akarudi nyumbani kwa kaka yake na kupata kazi ya kufundisha chekechea. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusimulia, na kwa kuwa tulipishana miaka michache tu, mimi na yeye tulizungumza kama ndugu wa tumbo moja. Basi mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Elwak alikuja Garissa kwa kozi ya walimu wakati wa likizo, na kozi ikafanyika katika shule aliyofundisha habaryar. Alikuja darasani kwa habaryar kuomba chaki. Kesho yake akaja kuomba chaki.

"Mwanaume huyu," habaryar akaniambia, "ama anakula chaki, ama ana jambo."

Alikuwa na jambo. Alilisema kwa adabu, akiwa amesimama nje ya mlango, na habaryar akamjibu kama inavyotakiwa: mimi nina kaka, watu wako waje wazungumze naye. Mwalimu akarudi Elwak kumwambia baba yake mdogo, aliyemlea. Habaryar akabaki akipiga pasi nguo ambazo hazikuwa na mikunjo.

"Vipi, habaryar?" nilimtania. "Umeanza kujenga nyumba Elwak?"

Safari hiyo hakucheka. "Wewe unasoma vitabu, hujui," akasema. "Mwanamke aliyeachika huulizwa mara moja hivi, na mtu wa maana. Huyu akipita, nitazeekea hapa nikiwapakulia chakula watoto wa kaka yangu. Nawapenda. Lakini nitazeeka."

Sasa, kuna jambo ambalo mtu asiye wa kwetu hawezi kulijua, na linahitaji kuelezwa. Katika ukoo wetu, wazee wakija kumwomba msichana, jibu la kwanza ni hapana. Si hapana ya kweli. Ni hapana ya heshima, ya kuonyesha kwamba binti hakuwa amewekwa mlangoni akingoja mpita njia. "Sisi hatuna msichana wa kuoza," husema mwenye nyumba, na husema hivyo huku mbuzi akichunwa uani. Wageni wanasikia hapana kwa masikio na nyama kwa pua, na wanajua pa kuamini. Wanakaa. Wanazungumzia malisho. Wanauliza tena, na safari hii mwenye nyumba anasema ataangalia. Wakiuliza mara ya tatu anawalaumu kwa kuchelewa. Na kama kweli hawatakiwi, hakuna mbuzi. Wanakunywa maji, wanaaga, na hakuna mtu duniani atakayejua kwamba walikuja kuuliza chochote. Kijana wao anabaki na uso wake, na binti anabaki na wake. Haya yote yanafanyika katika chumba kimoja, kati ya watu watano sita ambao kesho watakana kwamba walikutana.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama ambavyo wazee walisema hawajaona. Mto Tana ulipanda mpaka mashamba ya ukingoni yakatoweka. Malori yalizama kwenye tope kati ya Garissa na Wajir, na madereva wakaanza kuishi ndani yake. Hakuna aliyekuja kutoka kaskazini na hakuna aliyekwenda. Baba mdogo wa mwalimu angeweza kungoja. Nadhani alitaka kungoja. Lakini kijana alikuwa na haraka, na duka la jirani yao lilikuwa na taar.

Waliita alasiri, baada ya swala. Sebuleni tulikuwa abti, mimi, ayeeyo, yule jirani wa mwarobaini, na wanaume wawili wa mtaani waliokuja kungoja zamu ya kuzungumza na jamaa zao Mandera. Habaryar alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, na pasi yake ya makaa. Maneno haya yalisemwa Kisomali. Nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka, na nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

"Garissa, Garissa, Elwak hapa. Mnanipata? Ova."

"Elwak, nawapata vizuri sana. Ova."

Wakaulizana mvua, mifugo, watoto, afya, mvua tena. Kisha mzee wa Elwak akasema ana maneno ya kifamilia, je, wahamie chini kidogo? Abti akakubali. Wakataja masafa. Kila mtu akahama.

"Tulitaka kuja wenyewe," mzee akasema. "Maji yamekata njia. Kijana wetu, mwalimu, ameiona nyumba yenu akaipenda. Hatuombi kitu. Tunauliza tu: njia ikikauka tukaja, tutakuta mlango wazi? Ova."

Posa ilikuwa imeulizwa vizuri. Ilikuwa nyepesi hata ungeweza kuipuliza ikapotea. Abti angeweza kujibu kwamba njia ni mbovu, tuonane ikikauka, na mambo yangeishia hapo kwa siku ile. Lakini nilimwona akikaa wima. Alirekebisha kofia yake, mbele ya boksi lisilo na macho. Alijua nani anasikiliza: Tarbaj, Wajir, Rhamu, wanunuzi wake, washindani wake, watu waliowahi kumdharau. Hakuwa tena kaka anayejibu wageni. Alikuwa kaka anayesikika akijibu wageni.

"Elwak, nimewasikia, na heshima yenu tunaijua. Lakini sisi hatuna msichana wa kuoza. Ova."

Hiyo ndiyo kanuni, neno kwa neno. Na hata hapo labda ingeokoka. Lakini wale wanaume wawili kwenye mkeka walitikisa vichwa kwa kuridhika, na jirani akasema, "Eeh!" kama mtu aliyeona goli zuri, na kidole cha abti kikarudi kwenye kitufe.

"Na tena Elwak ni mbali. Na mwalimu ni mtu anayelipwa chaki na serikali. Mwambieni atafute karibu. Ova."

Ikasikika mikwaruzo tu. Halafu ikaja sauti ambayo haikuitwa na mtu, sauti ya kijana wa duka fulani huko Rhamu, nyuma yake wanaume wakicheka mpaka vikombe vinagongana. Alisema kwa Kiswahili, kile cha kwetu ambacho pole hugeuka bole, kwa sababu kwetu kumhurumia mtu kwa dhihaka hunoga zaidi kwa Kiswahili:

"Bole, mwalimu! Bole sana! Ova."

"Garissa mmefunga kwa kufuli!" mwingine akadakia, sijui wapi. "Ufunguo mmetupa mtoni! Ova."

Abti akabonyeza kitufe kwa hasira. "Tokeni hewani! Haya ni mambo ya watu! Ova."

"Hewa ni ya Mungu, mzee. Ova."

Kicheko kikapungua chenyewe. Tukangoja. Mwishowe mzee wa Elwak akarudi, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Tumesikia, Garissa. Tumesikia wote. Salaam alaykum." Hakusema ova.

Pazia lilifunguka. Habaryar alikuwa bado ameshika pasi. "Walaal, ndugu yangu," akamwambia abti, "umesema nini?"

"Nimesema la kwanza," abti akajibu. "La kwanza ni la kwanza. Watarudi."

"Watarudi kupitia wapi?"

Abti akaitazama taar kana kwamba ilikuwa na jibu. Ayeeyo aliinuka, akatoka uani kukohoa.

Nilijaribu kusaidia. Hiyo ndiyo hasara ya kumsomesha mtu: anadhani kueleza jambo ni kulitengeneza. Nilimwambia abti awaite Elwak tena, waeleze kwamba ile ilikuwa desturi tu. Abti akaniangalia kwa huruma. "Abti, nitamwambia nini? Kwamba ile hapana ilikuwa ndiyo? Mbele ya Rhamu? Tangu kesho nikimwambia mtu bei ya ng'ombe ataniuliza, hiyo ni ya kwanza au ya tatu?" Alikuwa na haki. Na kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo hakulisema: akiwaita yeye, ni kama anamtembeza dada yake duka kwa duka, akiuliza nani anamtaka.

Kazi hiyo aliifanya mama yangu, kwa nia njema kabisa. Alikuwa Tarbaj na alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu alikwenda dukani kununua majani ya chai. Kesho yake asubuhi tukaitwa. Nikajibu mimi, abti akiwa sokoni.

"Hooyo," akaniita, maana mama naye huitana hivyo na mtoto wake, "abti yako ana akili kweli? Ova."

"Mama, watu wanasikia. Ova."

"Wasikie! Mwambie yule mtu asirudie mchezo huo. Mwambie msichana alimtaka! Aliniandikia mwenyewe, kabla njia haijakatika, kwamba anamtaka! Sasa nani atampata kama huyo? Ova."

Nilikaa na kipaza sauti mkononi. Kila neno ambalo ningelitumia kufunika lingeonyesha kwamba kuna kitu cha kufunika. Nikasema, "Mama, hatukupati vizuri. Ova," jambo ambalo lilikuwa uongo, na kaskazini nzima ilijua ni uongo, kwa sababu hewa ya asubuhi ile ilikuwa safi kama kioo.

Mpaka wakati huo aibu ilikuwa ya mwalimu. Sasa wakagawana. Kule chekechea mzazi mmoja alimletea habaryar pakiti ya chaki kama zawadi, na akasubiri aone atafanya nini. Habaryar aliipokea, akashukuru, akaitumia mpaka ikaisha. Elwak, tulisikia, watoto wa darasa la sita walijifunza kusema "ova" mwalimu alipomaliza sentensi. Kicheko cha namna hiyo mtu hawezi kukijibu. Anaweza tu kufanya jambo kubwa litakalowapa watu kitu kingine cha kusema.

Barabara ilipokauka kidogo, abti alimtuma rafiki yake mmoja, dereva wa lori, aende kwa yule mzee aseme kwa mdomo, sikioni, kwamba mlango uko wazi na ulikuwa wazi. Dereva alikwama Wajir, akatoka, akakwama tena. Bado alikuwa njiani wakati taar yetu ilipotoa habari, mchana, ikiwa imeachwa wazi kama kawaida. Haikuwa imeitwa Garissa. Ilikuwa Rhamu ikizungumza na Elwak, watu wawili tusiowajua wakipongezana. Nikahi ya mwalimu imefungwa jana. Binti wa watu wa mto, wenye mashamba ya vitunguu. Mungu awape kizazi. Ova.

Habaryar alikuwa sakafuni akiwatengea chakula watoto wa abti. Aliwagawia wote. Mkubwa alilalamika kwamba ndugu yake kapata nyama zaidi, na habaryar akamhamishia kipande kimoja, akalinganisha sahani, akasema, "Sawa sasa?" Mtoto akasema sawa. Mimi niliinuka nikaizima taar. Ilikuwa mara ya kwanza kuizima tangu iingie nyumbani, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata jirani wa mwarobaini akaja kuuliza kama betri imekufa.

Hakuolewa tena. Walikuja kumuuliza watu wawili baadaye, na wote walikuwa wa aina ambayo huambiwa hapana ya kweli. Amekuwa mwalimu mkuu, amestaafu, watoto wa abti wanamwita mama kabla ya kumkumbuka mama yao. Si maisha mabaya, naye hapendi mtu ayaonee huruma. Lakini mwanamke aliyeniambia kwamba atazeeka alizeeka kama alivyosema, na ilitokana na maneno ambayo kila mtu aliyehusika alijua hayana maana.

Mwaka juzi alikuja kunitembelea Nairobi. Wanangu wana kile kidude cha duara kinachokaa mezani, unakiuliza hali ya hewa nacho kinajibu kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. Kimeunganishwa na mtandao, na taa, na televisheni, na pengine na jokofu; mimi hukifunika kwa taulo la jikoni, na wanangu hunicheka. Habaryar alikitazama.

"Huyu anasikia?"

"Anasikia," nikasema.

"Hata bila kubonyeza kitufe?"

"Hakina kitufe, habaryar. Kinangoja tu kiitwe jina."

"Na kikisikia, wanasikia watu wangapi?"

Binti yangu, anayesoma kompyuta, alianza kueleza mambo ya kampuni na masharti ya matumizi. Alieleza kwa dakika nyingi, na nilipomsikiliza nilijisikia mwenyewe nikimpa abti mhadhara. Alipofika mwisho ikawa wazi kwamba jibu ni kuwa hajui.

"Taar ilikuwa na adabu kidogo," habaryar akasema. "Waliotusikia walitucheka hapohapo. Ukajua ni nani." Kisha akaomba aonyeshwe bafu.

Nimewaza sana juu ya hilo la kucheka hapohapo. Tunalaumu mashine kwa kuwa zinasikiliza, na ni kweli zinasikiliza. Lakini taar haikumsema habaryar. Abti ndiye aliyesema, na alisema vile kwa sababu alijua anasikilizwa. Katika chumba chenye watu watano angekuwa mtu mpole mwenye mbuzi uani. Nikiwaona wanangu wakizungumza kwa furaha ya ziada mbele ya kamera za simu zao, wakicheka kidogo zaidi ya kichekesho, naiona ile kofia ikirekebishwa.

Mwaka uliofuata ile mvua, yule mzee wa Elwak alikuja Garissa na ng'ombe wa mnada. Chuo kilikuwa kimefungwa tena. Mawe hayakuwa yamekwisha. Hakuwa na sababu ya kufika kwetu, lakini alifika, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, akavua viatu mlangoni na kukaa sebuleni chini ya kabati la vyombo. Abti hakujua aweke wapi mikono. Walizungumzia bei. Walizungumzia kupe. Mwishowe mzee akaitazama taar iliyokuwa ikikoroma juu ya kichwa chake, akasema bila ukali wowote:

"Nilijua ni la kwanza, ndugu yangu."

Abti akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Hata lile la chaki. Hata mimi, akija mtu kumwomba binti yangu, nitasema la kwanza. Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Ningesema hatukuja kuomba msichana, tumekuja kuomba kivuli tu, halafu tungekaa."

"Basi kwa nini hukusema?" abti akauliza, na sauti yake nzuri ilikuwa imekauka.

"Duka lilikuwa limejaa. Na kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Watu walipocheka, akatoka. Nilipogeuka kumtafuta, ningemjibia nani?"

Habaryar aliingia. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Pazia lile halikuzuia kitu. Alimsalimia mzee kwa heshima, akimwita adeer, yaani ami, akiwa amesimama, shela yake imekaa vizuri.

"Adeer, safari ilikuwa salama? Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, binti yangu."

"Na mwalimu?"

"Hajambo. Mungu amempa mtoto wa kike."

"Mashaallah," habaryar akasema. Akafikiri kidogo. "Mpe salamu zangu, adeer. Mwambie nimempongeza."

"Nitamwambia."

Na hapo abti, maskini, ambaye mwaka mzima alikuwa akitafuta kitu cha kumfanyia dada yake, aliinuka kwa haraka, akanyoosha mkono juu ya kabati. "Tunaweza kumpata sasa hivi," akasema. "Betri imejaa. Elwak wako hewani, nimewasikia asubuhi. Dakika moja tu."

Alikuwa amekwisha kukishika kipaza sauti alipoona jinsi tunavyomtazama. Habaryar alimwendea, akakichukua mkononi mwake polepole, kama anavyomnyang'anya mtoto mkasi, akakirudisha mahali pake.

"Adeer atazipeleka mwenyewe," akasema.

"Nitazipeleka mwenyewe," mzee akasema, akainuka, na pale mlangoni akatafuta viatu vyake kwa mguu, bila kuinama.